Watu 11, barua pepe moja: mtandao wa ofisi uanzie wapi?

Swali: Ofisi yetu ina watu 11, kompyuta 9 na printa 2. Intaneti tunaipata kwa laini moja ya Mbps 20 za kupakua na 5 za kupakia. Barua pepe ya ofisi ni moja, iko chini ya domeini yetu pamoja na tovuti, na nywila yake tunaijua sote. Lakini barua nyingi zinaonekana kwenye kompyuta ya katibu muhtasi tu. Sisi wengine tukifungua tunakuta kikasha kitupu. Mafaili tunapeana kwa flashi au tunatumiana kwa barua pepe humu humu ndani. Nimeshauriwa ninunue seva moja kubwa ifanye kila kitu: barua pepe, mafaili, ukurasa wa ndani wa matangazo na kugawa intaneti. Niufuate ushauri huo? Na nianzie wapi?

Jibu: Seva hiyo usiinunue kwanza. Aliyekushauri hakukutakia mabaya. Ofisi nyingi ndogo zilipangwa hivyo, mashine moja pembeni ikibeba mzigo wote. Shida ni kwamba siku ikizimika mnapoteza vyote kwa mpigo: hamna barua, hamna mafaili, wala intaneti ya kutafutia msaada. Mimi ningezigawa kazi hizo. Barua pepe ikae nje ya ofisi, mafaili yakae ndani, na intaneti ipite kwenye ruta nzuri isiyo na kazi nyingine. Sababu nitazieleza, ila tuanze na barua zisizoonekana, maana hilo unaweza kulitibu leo leo bila kununua hata msumari.

Barua zenu hazijapotea. Ziko kwenye diski ya kompyuta ya katibu, na dalili unazoeleza ni za POP3, njia ya zamani ya kuchukua barua kutoka kwenye seva. Njia hii ilibuniwa kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Programu inakwenda kwenye seva ya barua, inabeba kila inachokikuta, inakihifadhi kwenye mashine yake, kisha isipoambiwa vinginevyo inakifuta kule ilikokitoa. Ni sawa na mtu mmoja kwenda posta na ufunguo wa sanduku la ofisi nzima, akarudi na furushi lote na kulifungia kwenye droo yake. Anayefuata atakuta sanduku tupu, na hakuna aliyemwibia.

Mnachohitaji ni IMAP. Hapo barua zinabaki kwenye seva na kila kompyuta inatazama kikasha kilekile. Barua ikisomwa kwenye meza moja, kwenye meza nyingine inaonekana imesomwa. Ikihamishwa folda, imehama kwa wote. Kwenye mipangilio ya programu utaandika poti (namba ya mlango wa huduma kwenye seva) 993 kwa kupokea, na 465 au 587 kwa kutuma, zote zikiwa na usimbaji fiche. Seva karibu zote za barua zinakubali njia zote mbili, kwa hiyo kubadili ni kazi ya dakika chache kwa kila kompyuta.

Kwenye kompyuta ya katibu, hata hivyo, nenda taratibu. Usiifute akaunti ya zamani! Barua za miaka yote ziko hapo tu, hazina nakala popote, na nimeona mtu akizipoteza kwa kubofya mara moja akidhani anasafisha. Kwanza nakili faili la barua kwenye diski ya nje. Zima uchukuaji wa barua wa akaunti ya zamani ili isiendelee kubeba mpya. Kisha ongeza akaunti ileile kando yake kwa IMAP, na uburute barua kutoka folda za zamani kwenda kwenye hizo mpya, mia chache kwa mara moja. Kwanza hakikisha seva inawapa nafasi ya kutosha, kisha ifanye kazi hii jioni. Barua za gigabaiti 4 kwa kasi yenu ya kupakia ya Mbps 5 zitachukua karibu saa mbili hata kama hakuna mwingine anayetumia laini.

IMAP itawafanya wote waone. Haitasema nani ajibu, na hapo ndipo ofisi nyingi zinapokwama kwa mara ya pili. Barua inaingia, watu 11 wanaiona, kila mmoja anadhani mwenzake ameishughulikia. Au wawili wanaijibu kwa saa tofauti, na majibu yasiyolingana. Kwa hiyo mpe kila mtu anwani yake chini ya domeini yenu, na ile ya ofisi iwe kikasha cha pamoja ambacho kila mmoja anakifungua kwa nywila yake mwenyewe. Ukimwuliza mtoa huduma, kuwa wazi kwamba hutaki kundi la usambazaji. Kundi linamtumia kila mtu nakala yake, na baada ya hapo hakuna ajuaye mwenzake alifanya nini. Kikasha cha pamoja kina nakala moja tu, na hiyo moja ndiyo inayofanyiwa kazi.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho wengi hawakigundui mpaka yaharibike. Programu nyingi, mtu akijibu kwa niaba ya anwani ya ofisi, huhifadhi jibu kwenye folda ya zilizotumwa ya mtu huyo, si ya kikasha cha pamoja. Wenzake wanaona swali bila jibu. Jaribu siku ya kwanza: jibu barua moja, kisha nenda kwenye meza ya pili uangalie kama jibu lipo kwenye zilizotumwa za ofisi. Kama halipo, kuna mpangilio wa kurekebisha, ama kwenye programu ama kwenye seva. Halafu tengeneza folda moja iitwayo Inashughulikiwa, na mkubaliane kwamba anayeichukua barua anaihamishia humo kabla ya kuanza kuandika. Kila siku awepo mmoja wa zamu wa kukifungua kikasha asubuhi na baada ya chakula cha mchana.

Na nywila inayojulikana na wote iishe. Mtu akiondoka kazini inabidi ibadilishwe kwenye kila kompyuta na kila simu, na kwa kuwa ni usumbufu, haibadilishwi. Matokeo yake mtu aliyeondoka mwaka juzi bado anasoma barua zenu. Kila mmoja akiwa na nywila yake, unaifunga moja tu. Pia mtaweza kuweka uthibitisho wa hatua mbili, jambo lisilowezekana kwa urahisi pale ambapo watu 11 wanatumia ufunguo mmoja.

Sasa, kwa nini nasisitiza barua ikae nje? Niliwahi kusimamia seva ya barua ya Postfix na Dovecot ndani ya ofisi ndogo kama yenu. Programu zenyewe ni imara, ni za bure, na sina la kuzilaumu. Kilichonishinda ni yaliyozizunguka. Kupokea hakukuwa na shida kubwa: seva inayotuma ikikuta yenu imezimika hujaribu tena, na kanuni za SMTP, njia ambayo seva hutumiana barua, zinataka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Kutuma ndiko kulikokuwa na vita. Barua zetu zilikuwa zinaangukia kwenye barua taka za wapokeaji, na tulijua baada ya mteja kupiga simu akiuliza mbona hatumjibu, wakati tumemjibu mara tatu. Anwani ya IP tuliyopewa na mtoa huduma wa intaneti ilikuwa kwenye orodha za kuzuia barua taka, kwa kuwa fungu zima la anwani hizo ni la wateja wa kawaida ambao hawatarajiwi kuendesha seva ya barua. Watoa huduma wengi huifunga kabisa poti 25, ambayo seva huitumia kupelekeana barua.

SMTP ni ya mwaka 1982, enzi ambayo waliounganishwa walikuwa wachache na waliaminiana. Seva haikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba anayejitambulisha ni yeye kweli. Ulinzi uliongezwa baadaye juu yake, tabaka kwa tabaka. SPF ni mstari kwenye rekodi za domeini unaotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. DKIM ni sahihi inayowekwa kwenye kila barua. DMARC inamweleza mpokeaji afanye nini barua isipopita vipimo hivyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila anayewatumia barua awe walau na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi awe na zote tatu. Mtoa huduma wa barua anayejua kazi yake atakupa mistari hiyo tayari, wewe unaibandika tu. Chunga kimoja: mstari wa SPF lazima uwe mmoja kwa domeini. Ukiwa nao wa zamani, usiongeze wa pili chini yake, unganisha iwe mmoja, vinginevyo wapokeaji wataihesabu SPF yenu kuwa na kosa.

Kabla hujagusa rekodi hizo, hakikisha domeini imesajiliwa kwa jina la ofisi, kwenye akaunti ambayo ofisi ina nywila yake. Nakuomba sana ulifanye hili wiki hii. Mara nyingi fundi aliyetengeneza tovuti ndiye aliyeisajili kwa jina lake, kwa nia njema, na siku akiwa hapatikani ofisi inakuta haiwezi hata kulipia mwaka mwingine. Domeini ikiisha muda, tovuti na barua zote vinasimama siku ileile.

Twende ndani ya ofisi. Hesabu nafasi za swichi: kompyuta 9, printa 2, kifaa cha mafaili, kituo cha waifai na waya wa kwenda kwenye ruta. Hizo ni poti 14. Swichi ya poti 16 inabakiza 2 tu, kwa hiyo chukua ya 24, yenye gigabiti 1 kwa kila poti, ya aina inayoweza kupangiliwa. Nyaya ziwe Cat5e au Cat6 za shaba tupu. Umbali wa mita 100 zinaumudu bila shida kwa gigabiti 1. Zile za alumini iliyopakwa shaba ziogope, zinakatika katika na kutafuta kosa lake kunachosha. Kompyuta ya mezani isiyohama ivutie waya. Waifai waachie simu na laptopu.

Anwani za ndani zipange kwa utulivu mara moja, hutajuta. Usitumie 192.168.0 wala 192.168.1, ingawa ruta nyingi zinakuja na hizo. Ruta za nyumbani za wafanyakazi wako zinatumia hizo hizo, na siku mtu akitaka kuingia ofisini akiwa nyumbani, anwani zitagongana. Chukua, tuseme, 192.168.47. Ruta iwe .1, swichi na vituo vya waifai .2 mpaka .9, kifaa cha mafaili .10, printa kuanzia .20, na kompyuta za watu zipewe na DHCP (huduma ya ruta inayogawa anwani yenyewe) kati ya .100 na .199. Printa na kifaa cha mafaili zitengee anwani ndani ya ruta yenyewe badala ya kuziandika kwenye kila kifaa. Siku ukitaka kubadili mpango, utabadili mahali pamoja.

Nikueleze kwa nini nakwambia uchukue swichi inayopangilika. Asubuhi moja niliitwa kwenye ofisi ambayo nusu ya watu hawakuwa na intaneti na nusu walikuwa nayo, bila mpangilio wowote. Nilikaa kwenye mashine moja iliyokwama, nikaandika amri ya ipconfig, na lango, yaani anwani ya ruta ambayo mashine inaitumia, likasomeka 192.168.0.1. Mtandao wao ulikuwa wa 192.168.47. Nikaiandika anwani hiyo ngeni kwenye kivinjari, na ukurasa uliofunguka ulikuwa wa ruta ndogo ambayo hakuna aliyekiri kuifahamu. Tuliufuata waya chini ya meza mpaka tukaikuta nyuma ya kabati: mtu alikuwa ameileta kutoka nyumbani ili waifai imfikie vizuri kwenye kona yake, akaichomeka kwenye poti za upande wa ndani, nayo ikaanza kugawa anwani zake kwa kila kompyuta iliyowashwa. Aliyewahi kujibiwa na ruta halali alikuwa na intaneti. Aliyejibiwa na ile ngeni hakuwa nayo. Swichi yenye ulinzi unaoitwa DHCP snooping ingeyakataa majibu hayo kwenye poti yoyote isipokuwa ile ya ruta halali. Washa na kinga ya mzunguko pia, kwa sababu waya mmoja ukichomekwa ncha zote mbili kwenye swichi zenu, mtandao wote unalemewa na ujumbe unaozunguka bila kukoma.

Kuhusu mafaili, nataka uone hesabu ya kile mnachofanya sasa. Chukua faili la megabaiti 15 linalotumwa kwa barua pepe kwa wenzako 10. Kiambatisho kinapogeuzwa ili kisafiri kama maandishi, huongezeka kwa karibu theluthi, kinafika megabaiti 20. Kukipakia kwa Mbps 5 ni sekunde 32. Halafu wenzako 10 wanapakua megabaiti 20 kila mmoja, jumla 200, ambazo kwa Mbps 20 ni sekunde 80 za laini nzima. Faili limetoka chumba hiki, limezunguka dunia, limerudi chumba hiki hiki, na ofisi yote imekaa ikisubiri kurasa zifunguke. Kwenye folda ya pamoja, kupitia waya wa gigabiti, mtu analifungua ndani ya sekunde moja, na linabaki moja, si nakala 11 zenye marekebisho tofauti.

Kifaa chenyewe si lazima kiwe seva kubwa. NAS ndogo (kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) ya diski mbili zinazoakisiana inawatosha. Ila kuakisi si akiba: mtu akifuta folda, imefutwa kwenye diski zote mbili papo hapo. Kwa hiyo weka nakala ya pili kwenye diski ya nje na ya tatu nje ya jengo, na kila mwezi chagua faili moja ulirudishe kutoka kwenye nakala hizo, uone kwa macho yako kwamba linafunguka. Zima SMB (njia ya kushiriki mafaili kwenye mtandao) toleo la 1 kwenye kifaa na kwenye kompyuta zote. Kasoro kwenye toleo hilo la Windows ndiyo iliyotumiwa na programu hasidi ya WannaCry Mei 2017 kusambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Na poti 445, ambayo SMB huitumia, usiifungue kamwe kuelekea intaneti, hata mtu akikuomba kwa siku moja. Anayetaka mafaili akiwa nje aingie kwa VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi kutoka nje. Aina yake iitwayo WireGuard iko kwenye ruta nyingi za kisasa na ni nyepesi.

Ukurasa wa matangazo utakaa kwenye NAS hiyo hiyo. Kwa watu 11 inatosha tovuti ndogo ya aina ya wiki, ambayo kurasa zake huhaririwa kwenye kivinjari, yenye namba za simu za ndani, fomu, ratiba ya zamu ya barua na jedwali la anwani tulilolipanga hapo juu. Jina lake liwe tawi la domeini yenu, mathalani neno “ndani” likitangulia domeini, ili uweze kupata cheti halali na vivinjari visilalamike. Majina yanayoishia na .local yaache, yametengwa kwa vifaa vinavyotafutana vyenyewe mtandaoni, na kuyachanganya kunaleta hitilafu za ajabu. Kama hutaki kutumia domeini yenu, ICANN, wasimamizi wa majina ya intaneti duniani, waliitenga .internal Julai 2024 kwa kazi hii, ingawa kwa hiyo hutapata cheti cha hadharani. Mteue mtu mmoja wa kuusasisha ukurasa, kwa jina.

Imebaki intaneti. Huenda utaambiwa uweke seva ya kuhifadhi kurasa, kama Squid, ili laini isilemewe. Ilikuwa dawa nzuri wakati kurasa zilipita wazi. Leo karibu zote zimesimbwa kwa HTTPS, na seva hiyo haioni cha kuhifadhi. Kinachowaumiza zaidi kwa laini kama yenu ni foleni ya kupakia. Kompyuta moja ikianza kupeleka picha kwenye wingu, hizo Mbps 5 zinajaa, na hata wanaopakua wanakwama, kwa sababu kila kinachopakuliwa kinahitaji vijibu vidogo vya kuthibitisha vinavyotoka nje, navyo vimekwama nyuma ya picha. Tafuta ruta yenye SQM, yaani usimamizi wa foleni kwa fq_codel au CAKE, na uiwekee kikomo chini kidogo ya kasi halisi: 18 kwa 20, na 4.5 kwa 5. Unapoteza kidogo kwenye kasi ya juu, na unapata ofisi ambayo simu ya video haikatiki mtu mwingine anapotuma barua. Nakala za nje ya jengo zipangie usiku. Wageni wawe na waifai yao kwenye VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vilevile, wasione printa wala NAS. Nywila ya msimamizi wa ruta ibadilishe siku ileile inapowashwa, na WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa kwenye waifai, izime. UPS moja (betri ya kushika umeme unapokatika) ishike ruta, swichi na NAS.

Kuhamisha barua kwenda kwa mtoa huduma mpya kufanye Ijumaa jioni, lakini maandalizi yaanze mapema. Siku mbili kabla, shusha TTL (muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi) ya rekodi za MX, zile zinazosema barua za domeini ziende seva gani; kwa kawaida TTL iko 3,600 au 86,400, iwe sekunde 300. Tengeneza vikasha vyote, watu wajaribu kuingia. Ijumaa badilisha MX na mistari ya SPF, DKIM na DMARC, basi. Seva za majina za domeini na rekodi ya tovuti usiziguse. Wengi huhamisha vyote pamoja na Jumatatu wanakuta tovuti haipo. Akaunti kwa mtoa huduma wa zamani usiifunge kabla mwezi haujaisha, kwa sababu zipo seva zinazochelewa kusoma mabadiliko, na ukiifunga mapema hutajua kilichorudishwa. Katibu aifungue kila asubuhi, na barua atakayoikuta huko aiburute kwenye kikasha kipya kama alivyoburuta zile za kwanza.